Miguu ya Kurithi: Jeni, Mazoezi na Kukaa Kitako Kisiwani Lamu

Wanangu wawili wa kiume wamepishana miaka miwili tu. Wamelelewa nyumba moja hapa Langoni, wamekula sinia moja, na kwa miaka mingi walilala kitanda kimoja cha kamba. Ikishaswaliwa alasiri, mkubwa haonekani tena. Utamkuta mchangani anapiga mpira, au amejitosa baharini pale gatini na wenzake, au anamsaidia kusukuma mkokoteni mtu asiyemjua hata jina. Mdogo hubaki ukumbini juu ya mkeka, kifudifudi, simu mbele ya uso. Ukimtuma dukani huenda, wala hanung'uniki, ila akirudi hulala palepale alipoinuka.

Nyanya yao ana hukumu yake. "Huyu kamuandama babuye," husema akimwonyesha mkubwa kwa kidevu, "na yule ni ami yake mtupu." Babu yao alikuwa mtu wa kutoka mjini kwa miguu hadi Matondoni kutazama jahazi likiundwa, kisha akarudi siku hiyohiyo. Ami yao, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa bao, na mahali pake barazani palikuwa pake. Hata akisafiri, hapakaliwi.

Neno hilo nimelisikia mara nyingi hata likanikera. Likanikera kwa sababu lilimfungia mtoto wa miaka kumi na minne hukumu ya maisha. Nikaamua kusoma: je, kupenda kujitikisa na kupenda kukaa kitako hurithiwa kweli, kama urefu au umbo la pua? Nimegundua kwamba nyanya hakukosea. Ila ndani ya neno "kurithi" kuna fundo kubwa, na mtu asipolifungua atalitumia kumuumiza mwenziwe.

Njia kongwe ya kupima urithi ni mapacha. Mapacha wa yai moja wana jeni zilezile karibu zote. Mapacha wa mayai mawili hushirikiana, kwa wastani, nusu ya zile jeni zinazotofautiana baina ya watu, sawa na ndugu wengine wowote wa baba na mama mmoja. Na wote, wa namna hii na ile, huwa wamelelewa pamoja. Basi wa yai moja wakionekana kufanana kitabia kuliko wa mayai mawili, ile ziada ya kufanana huhesabiwa kuwa ni kazi ya jeni.

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliokusanya jozi 37,051 za mapacha kutoka nchi 7: Australia, Denmark, Ufini, Uholanzi, Norway, Uswidi na Uingereza. Waliulizwa kama hufanya mazoezi katika wakati wao wa mapumziko, walau saa moja kwa wiki. Katika sehemu nyingi, kiwango cha urithi kilitoka kati ya nusu na kama asilimia 70. Wanaume wa Norway peke yao walikuwa chini kabisa, asilimia 27.

Hapa ndipo watu wengi hupotea njia, na mimi nilipotea pia. Asilimia 60 haina maana kwamba uvivu wa mwanangu, ukiupima kwenye mizani, sehemu sita zimetoka kwenye damu na nne zimetoka kwa malezi yangu. Mtu mmoja hagawanyiki hivyo. Ni sawa na kusikia msondo unalia ukauliza sauti hii ni ya mkono kiasi gani na ya ngozi kiasi gani. Kiwango cha urithi ni kipimo cha tofauti baina ya watu wengi, wanaoishi mahali fulani, katika wakati fulani. Kinauliza: katika watu hawa, wanaotofautiana hivi, ni sehemu gani ya tofauti zao inafuatana na tofauti za jeni? Badilisha mahali, au badilisha maisha ya watu hao, na namba nayo itabadilika, ijapokuwa hakuna jeni hata moja iliyobadilika. Ndiyo maana Mnorway na Mholanzi hawakutoa jibu moja.

Jambo lililonifungua macho zaidi ni la umri. Watafiti wa Uholanzi walichapisha mwaka 2005 matokeo ya mapacha wa miaka 13 hadi 20. Kwa watoto wa miaka 13 hadi 16, tofauti baina yao katika kucheza michezo zilifuata zaidi mazingira waliyoshiriki, yaani nyumba, shule na mtaa, kwa kiasi cha asilimia 78 hadi 84. Walipofika miaka 18 hadi 20, mazingira hayo yalikuwa yamefifia na jeni zikabeba kiasi cha asilimia 85. Jeni hazikuzaliwa upya katika miaka ile michache. Kilichobadilika ni kwamba mzazi hasemi tena "inuka uende", wala kengele ya shule haimtoi mtu darasani kwenda uwanjani. Kijana amekuwa na hiari yake, na hiari ndiyo inayoipa jeni nafasi ya kusema.

Nataka kulikalia neno hili, maana ndilo linalotuhusu sisi wa visiwani.

Mji wa kale wa Lamu, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ulijengwa kwa miguu ya binadamu na kwato za punda. Kuna vichochoro ambavyo punda mwenye shehena akipita, wewe hubanana na ukuta. Nilipokuwa msichana, kwenda Shela, kijiji jirani, kulikuwa kwa miguu, kwa punda au kwa mashua, na asiye na nauli wala punda alijua mwenyewe atakwendaje. Ni kama kilomita 3 kufuata ufuo, dakika 40 hivi usipokutana na jamaa wa kukusimamisha. Maji yakiwa yametoka unapita mchangani. Yakiwa yamejaa unarukaruka kwenye kuta na mawe. Mchangamfu alikwenda, mvivu alikwenda, ami wa bao naye alikwenda akiwa na maziko au arusi. Lau mtafiti angekuja wakati ule akahesabu hatua zetu, angeona tofauti ndogo, na katika ndogo hiyo jeni zingekuwa na la kusema kidogo sana. Za uvivu zilikuwepo, ila hakuna aliyeziuliza.

Leo pikipiki zimeingia kisiwani. Kijana anakuja mpaka karibu na miguu yako na kukuita, "Mama, Shela? Panda twende." Swali ambalo zamani halikuwepo sasa linaulizwa kila asubuhi, na kila mtu hulijibu kwa mwili wake. Mwanangu mkubwa husema hapana kabla kijana hajamaliza. Mdogo ameshapanda. Hii ni hoja yangu mwenyewe, lakini naiona imesimama imara juu ya matokeo yale ya Uholanzi: maisha yanapolegea, urithi hupata nguvu. Anayesema "huyu kazaliwa mvivu" anasema neno ambalo, katika Lamu ya babu yao, lisingekuwa na maana kubwa.

Sasa, hicho kinachorithiwa ni nini hasa? Wengi hufikiria ni miguu: misuli, mapafu, mifupa. Wapo waliokwenda kutafuta jibu kwa panya. Tangu mwaka 1993, kwanza katika Chuo Kikuu cha Wisconsin na baadaye katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Riverside, Theodore Garland amekuwa akizalisha panya wadogo kwa kuchagua wale wanaopenda kukimbia kwenye gurudumu bila kulazimishwa. Baada ya vizazi kadhaa, wajukuu wao walikuwa wakikimbia karibu mara tatu ya panya wa kawaida kwa siku. Chuo Kikuu cha Missouri nao walifanya kwa panya wakubwa wa maabara, wakachagua pande zote mbili: wapenda kukimbia wakazaana wenyewe kwa wenyewe, na wapenda kulala vivyo hivyo. Kizazi cha kumi kilipofika, walichapisha mwaka 2013, tofauti baina ya koo hizo mbili ilikuwa kama mara kumi. Walipowapasua hawakuona tofauti kubwa katika misuli. Penye tofauti ya kueleweka palikuwa ubongoni, katika sehemu inayohusika na raha na kutamani, ile inayofanya kazi kwa kemikali ya dopamini.

Soma hilo mara mbili. Panya mvivu alikuwa na miguu ya kutosha, ila kukimbia hakukumpa raha aliyoipata mwenziwe. Nilipofika hapo nilimkumbuka mwanangu siku alipolazimishwa kucheza mpira, uso wake ulivyokuwa. Nami siku ile nilimwambia maneno ambayo leo natamani nisingeyasema.

Kwa binadamu, hakuna jeni moja ya uvivu. Mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa uliounganisha tafiti 51 na watu 703,901. Ulipata sehemu 99 za DNA zinazofuatana na mazoezi ya mapumziko au na kukaa mbele ya skrini. Kila moja ina athari ndogo mno, kama punje ya mchanga kwenye gunia. Zote kwa jumla, alama za DNA zilizopimwa zilieleza asilimia chache tu ya tofauti za mazoezi baina ya watu, na zaidi kwa tofauti za kukaa mbele ya skrini. Wengi mno kati ya watu hao ni wenye asili ya Ulaya, na Afrika ndiko kwenye jeni za namna nyingi kuliko kwingine kokote duniani. Mtu akikuuzia kipimo cha mate akidai atakwambia kama mwanao kazaliwa kuwa mkimbiaji au mkaa kitako, mweke mbali na pesa zako.

Hata jeni mashuhuri hazitoi jibu jepesi. ACTN3 hutengeneza protini ya nyuzi za misuli za kasi, zile za kuruka na kukimbia mbio fupi. Zaidi ya watu bilioni moja duniani hawana kabisa protini hiyo, na hawaumwi. Kenya watu wa namna hiyo ni wachache sana, kama mmoja katika mia. Walipopimwa wanariadha wetu wa mbio ndefu, jeni hiyo haikuwatofautisha na Wakenya wasiokimbia.

Kinachorithiwa kingine ni namna mwili unavyoitikia mazoezi. Katika miaka ya 1990, Claude Bouchard na wenzake waliwaendeshea baiskeli za ndani watu 481 wa familia 98, wasiokuwa na mazoea ya mazoezi, kwa wiki 20. Baiskeli ileile, ratiba ileile. Kwa wastani, uwezo wa mwili kutumia oksijeni uliongezeka kwa kiasi cha mililita 400 kwa dakika. Lakini wapo waliopanda kwa lita nzima, na wapo waliobaki karibu walipoanzia. Na kupanda huko kulifuata familia: karibu nusu ya tofauti ilihesabiwa kuwa ya urithi. Sasa fikiria wawili wanaoanza pamoja kupanda na kushuka ufuo wa Shela. Mmoja wiki ya sita anaona pumzi imefunguka. Mwingine bado anahema vilevile. Yupi ataacha? Na akiacha, mtaa utamwita nani?

Mpaka hapa nimechanganya mambo mawili ambayo ni heri yatenganishwe. Kukaa kitako si kinyume cha mazoezi. Mtu anaweza kukimbia alfajiri na akakaa kwenye kiti saa tisa zilizobaki. Mwingine hajawahi kukimbia maishani lakini hatulii. Na kupumzika kwenyewe si dhambi. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walipopimwa kwa vifaa vya mwilini walionekana kupumzika karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho. Ni kiasi kinachokaribiana na watu wa mijini Marekani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020. Ila Wahadzabe hupumzika wakiwa wamechutama au wamepiga magoti, na misuli ya miguu yao huendelea kufanya kazi kidogokidogo, kuliko ya mtu aliyezama kitini.

Niliposoma hayo nilikwenda jikoni kumtazama mama. Yeye bado hukuna nazi juu ya mbuzi. Hukaa kwenye kile kibao kilicho shibiri moja na ushee kutoka chini, magoti juu, mgongo ameuinamisha, mikono yote miwili imeshika kifuu akikizungusha kwenye ulimi wa chuma. Nazi mbili zikimalizika, husimama bila kushika ukuta. Ana miaka sabini na kitu. Mimi nina blenda, na kiti cha plastiki, na nikiinuka mkekani naanza kwa mkono. Jeni zangu nusu ni zake.

Na dada yangu? Shuleni alikuwa wa kwanza katika mbio, wavulana na wasichana. Alipovunja ungo, mbio zikaisha. Hapakuwa na mtu aliyezipiga marufuku kwa sauti, hapakuwa tu na mahali pa msichana kukimbilia. Jeni zake hazikubadilika siku ile. Sasa, na watoto wanne, hutoka baada ya sala ya alfajiri na wenziwe wawili, mabuibui yamefungwa vizuri, wakatembea ufuoni kabla watu hawajaamka. Namba zile za mapacha ziliuliza juu ya mazoezi ya hiari ya watu wenye wakati, viatu na mahali pa kukimbilia. Asiye na hiari hiyo, jeni zake za kupenda mbio hubaki zimefungwa ndani.

Kuna jambo la zamani linaloonyesha jinsi mambo haya yanavyosokotana. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris alichapisha habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa siku nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku. Kila mtu akasema: umeona, kukaa kunaua. Lakini Morris alikuwa mtu mwaminifu. Mwaka 1956 yeye na wenzake walitazama vipimo vya sare, wakakuta suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za makondakta, hata kwa vijana walioingia kazini karibuni. Yaani huenda watu wa mwili fulani walikwisha kuchagua usukani kabla usukani haujawafanya lolote. Tabia huchagua kazi, na kazi hukuza tabia. Ukimwona mchukuzi wa gatini, mikono kama kamba za nanga, na karani wa ofisini mwenye kitambi, usiwe mwepesi wa kusema kipi kilitangulia. Na wale wanaosema barazani kwamba ukoo fulani "haukuumbwa kwa kazi nzito", neno lao nalikataa. Ukoo uliokuwa na wa kuubebea mizigo haukuwa na haja ya kubeba, basi.

Ushahidi kwamba maisha yanaweza kuushinda urithi tunao, tena karibu. Utafiti wa mwaka 2020 uliwalinganisha Waturkana wanaofuga na kuhamahama kaskazini mwa Kenya na Waturkana waliohamia mijini. Watu wa asili moja. Lakini wa mijini walikuwa na dalili mbaya zaidi za afya ya moyo na sukari. Na huko Ufini, mwaka 2015, watafiti walitafuta wanaume mapacha wa yai moja ambao mmoja alikuwa ameacha mazoezi kwa miaka kama mitatu na mwingine ameendelea. Walipata jozi 10, wenye umri wa miaka thelathini na kitu. Walioacha waliacha kwa sababu za kawaida tu, kazi na familia. Miili yao ilikwisha kuachana: mafuta zaidi, pumzi fupi, na sukari imeanza kuwasumbua mwilini, ilhali jeni ni zilezile. Na kuhusu jeni ya FTO, inayomwelekeza mtu kunenepa, uchambuzi wa watu wazima 218,166 uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwa wenye kujishughulisha, makali yake yalipungua kwa asilimia 27.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Kwa hesabu ya kwetu, kwenda Shela na kurudi kwa miguu mara mbili kwa wiki kunatimiza. Kwa anayependa kutembea hiyo si kazi. Kwa asiyepata raha ndani yake ni mzigo wa kweli, na kumwita mvivu ni kumwongezea mzigo mwingine juu.

Basi nikaacha kumsukuma mwanangu mdogo kwenye mpira, nikaanza kumtazama anapenda nini. Ilichukua miezi. Jibu likaja kwa punda wa jirani, punda mzee wa kubebea mchanga, aliyepata kidonda shingoni. Mtoto alijitolea kumpeleka kutibiwa, kisha kumrudisha, kisha kumpeleka kuogeshwa baharini kila jioni ili kidonda kipate chumvi. Punda huyo hapandwi, hivyo mtoto hutembea ubavuni mwake, mkono juu ya mgongo, wakizungumza mazungumzo yao. Kidonda kimepona zamani, lakini wao wangali wanakwenda. Jana nilimfuata kwa mbali nikiwa na saa mkononi. Walipita gati, wakapita hospitali, wakashika ufuo kuelekea Shela mpaka nikachoka mimi nikakaa juu ya ukuta. Kijana mmoja wa pikipiki alisimama karibu yao akapiga honi. Mwanangu alimwonyesha punda kwa kidole, akaendelea na safari.

Nilipomweleza nyanya yao, alinyamaza kidogo, akasema, "Ami yake naye alikuwa akipenda punda."